Mkono uwe tawi: kumzoesha kinyonga mchanga kushikwa

Miaka 13 nimetembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Dole, hapa Unguja. Nikishawaonesha mdalasini, iliki na mzingefuri, wengi huniuliza swali moja: kinyonga yuko wapi? Basi tulikuwa tukimtafuta kwenye mipera, tukimwona tunambandua tawini kwa vidole viwili, na anapita mkono kwa mkono, mgeni mmoja baada ya mwengine, kila mtu apate picha yake. Siku moja, msimu wa wageni wengi, nilimpokea kinyonga kutoka mkono wa mwisho akiwa mweusi kama kaa, mdomo wazi, macho yamezama. Nikamrudisha mtini. Asubuhi ya pili nilimkuta chini ya mti ule ule, sisimizi wameshamwingia. Tangu siku hiyo sijambandua kinyonga tawini, na nikimwona mtu anafanya hivyo namzuia.

Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kinyonga mwengine, mchanga, aliyeokotwa na binti wa kaka yangu siku za mwanzo za masika, shambani kwetu Dole, palipokuwa panafyekwa kwa kupanda muhogo. Hakuwa mrefu kuliko kidole changu cha shahada. Mwembamba, kijani kibichi, mkia ameuzungusha kwenye bua la nyasi lililokwisha kukatwa. Binti akampa jina la Ukindu. Mama yake hakutaka hata kumsikia.

"Shemegi, kidudu hicho kina sumu. Kisiingie ndani kwangu."

Nikamwambia kinyonga hana sumu, si ya meno, si ya mate, wala si ya kugusana naye. Akikuuma ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Akakubali akae uani, kwa sharti kwamba mwangalizi niwe mimi. Nikawa.

Kabla sijaendelea: usiende msituni wala shambani kwa mtu kumsaka kinyonga ili umfuge. Wetu alikuwa amepoteza pa kukaa. Na hata hivyo nilipita ofisi ya misitu kuuliza kwanza. Na wewe pita. Mgeni akikwambia umuuzie aondoke naye, mkatalie, maana vinyonga wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na kuwavusha mpaka bila ya vibali ni kosa.

Kinyonga wetu huyu, ambaye mashamba mengine wanamwita lumbwi, kitaalamu ni Chamaeleo dilepis. Yupo Unguja, yupo Pemba, na bara yupo sehemu nyingi. Akikua hufika sentimita 30 na zaidi kidogo, mkia ukiwemo. Mama huchimba shimo, hutaga mayai kwa makumi, hulifukia, huenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, na watoto wakitoka hawamjui mama wala baba, na kila mmoja anashika njia yake. Hilo nataka ulikumbuke unapomwona anakukimbia. Mtoto wa paka amelambwa na mama yake, amelala na wenzake, anajua maana ya kuguswa. Kinyonga mchanga tangu azaliwe hajaguswa na kiumbe yeyote kwa wema. Kitu pekee kinachotoka juu na kumshika ni ndege, na kikimshika ni kumla. Kwa hiyo kumzoesha si kumfundisha akupende. Ni kumfanya aone kwamba mkono wako ni tawi, na kwamba kupanda au kutopanda ni uamuzi wake.

Tundu lake

Nilitengeneza tundu la mbao na wavu wa madirisha, sentimita 40 kwa 40, kimo 60. Usitumie sanduku la kioo, linapata joto kama tanuri, tena akijiona ndani ya kioo anadhani kuna mwenzake kaja kumpokonya nyumba. Na mwenzake wa kweli pia usimtie. Hawa ni watu wa kukaa peke yao. Ndani nikaweka tawi la mpera lenye majani na vijiti vya unene mbalimbali vya kutembelea.

Tundu linakaa uani, nusu juani, nusu kivulini. Miguu yake minne imo ndani ya makopo ya maji, kwa sababu majimoto, wale sisimizi wekundu wanaouma, wakimvamia kinyonga mchanga usiku hawabakishi kitu. Juu nimefunga kipande cha ubao kwa ajili ya kunguru. Kunguru hawa waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na sasa hawachagui.

Maji hatakunywa bakulini. Hunywa matone yaliyoganda kwenye majani, kwa hiyo asubuhi na jioni mpulizie majani kwa ile chupa ya saluni, polepole, kisha mpe muda. Macho yaliyodidimia ni dalili ya kiu. Kinyonga mwenye kiu hazoeshwi kitu chochote, mnyweshe kwanza.

Mfupa kabla ya mkono

Watu wanapenda kuanza na kumshika. Mimi nasema anza na mifupa yake. Mtoto wa kinyonga asiyepata chokaa (yaani kalsiamu ya chakula, si chokaa ya kupaka ukuta) na jua mifupa yake hulainika, miguu hupinda, na hapo hata ukimgusa kwa mapenzi yote unaweza kumvunja. Jua la asubuhi analipata pale uani, na bila ya jua hilo mwili wake hauwezi kuitumia chokaa hiyo. Chokaa naipata pwani: ule mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, unaoletwa na mawimbi. Nauosha, naukausha siku mbili tatu, nautwanga kinuni mpaka uwe unga laini. Wadudu nawatia kwenye chupa na unga kidogo, naitikisa, wanatoka weupe. Akiwa mchanga nafanya hivyo karibu kila mlo.

Wadudu wenyewe ni panzi wadogo, nyenje, nondo, na kumbikumbi siku za mvua. Mdudu asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo baina ya macho ya kinyonga. Wiki za mwanzo Ukindu alikuwa mdogo mno hata kwa panzi, nikawa naning'iniza ganda la ndizi mbivu ndani ya tundu; vijinzi vidogo vinavyolifuata vikapita kwenye wavu wenyewe, naye akawinda kutwa. Usimpe wadudu kutoka ndani ya nyumba. Tangu 2006 nyumba nyingi za Unguja zimepuliziwa ukutani dawa ya mbu wa malaria, na mende anayeyumbayumba sakafuni huenda ameshaila.

Wiki mbili za kukaa tu

Ukindu hatukumgusa mpaka alipofika kama miezi mitatu, amenenepa, anakula bila ya kusita. Kwanza tukafanya kazi ambayo binti aliiona ngumu kuliko zote: kukaa.

Kila siku baada ya sala ya alasiri tulitandika mkeka mbele ya tundu, tukakaa robo saa. Saa ile ile, mahali pale pale. Tulikaa chini ili vichwa vyetu visiwe juu yake. Ukimsimamia kinyonga ukamwinamia, umeshakuwa mwewe. Siku ya kwanza alizunguka nyuma ya kijiti, akajibana, akawa mwembamba kama jani lililokaushwa, jicho moja tu limechungulia ubavuni mwa kijiti. Siku ya tano alibaki mbele. Siku ya tisa au ya kumi alipiga ulimi na kula huku tunamtizama, na hiyo ndiyo alama niliyokuwa naingoja. Mnyama akiogopa, hali chakula.

Binti aliniuliza, "Ami, leo tumshike?"

"Leo tufungue mlango tu, mwanangu."

Tukafungua mlango, tukatia mkono, tukauweka juu ya kijiti cha chini bila ya kuusogeza. Dakika tano. Mkono ulioshwa kwa sabuni isiyo na harufu kali, hauna mafuta, hauna manukato, hauna dawa ya mbu. Hakuja. Hatukutarajia aje.

Chakula kiganjani

Hatua hii ndiyo inayofanya kazi kubwa, na ndiyo watu wanairuka. Asubuhi mnyime chakula, mpe maji tu. Alasiri akiwa na njaa, mshike panzi kwa miguu ya nyuma, baina ya vidole viwili, na mpeleke polepole mpaka umbali wa nusu shibiri mbele ya kinyonga, usawa wa macho yake au chini kidogo. Kisha nyamaza. Utaona jicho moja linamgeukia panzi na jengine linabaki kwako. Anapima mambo mawili kwa pamoja, na hapo mkono wako ukitikisika umempa jibu. Macho yote mawili yakimgeukia panzi, ameshaamua. Ulimi wake ukinyooka ni mrefu kuliko kiwiliwili, kwa hiyo usimsogezee mdudu mdomoni, mwache afyatue.

Baada ya siku kama nne za vidole, mweke panzi juu ya kiganja kilicho wazi. Kisha kiganja kiwe mbali kidogo, ili ulimi usifike mpaka aweke mguu mmoja wa mbele juu ya ncha za vidole vyako. Ukindu alichukua siku sita kuuweka mguu huo. Ukiuona mguu wa kinyonga kwa karibu utaelewa kwa nini kumbandua ni unyama: wa mbele una vidole viwili nje na vitatu ndani, wa nyuma ni kinyume chake, na vimeungana kama koleo. Koleo hilo linapokamata halikuumbwa kuachia kwa kuvutwa. Ukivuta, kucha hung'oka au mguu huteguka.

Daraja

Siku ya kumpandisha kwenye mkono chagua alasiri isiyo na upepo, ameshapata jua. Tandika mkeka, na juu yake kanga iliyokunjwa, kwa sababu kinyonga mchanga akishtuka hujiachia aanguke, na sakafu ya saruji haina huruma. Kaa chini.

Usitie mkono kutoka juu, wala kutoka nyuma. Uingie kutoka mbele na chini, wazi, vidole vimeachana kama vijitawi, mpaka kiganja kiwe mbele ya kifua chake na juu kidogo ya miguu ya mbele. Juu kidogo, kwa sababu kinyonga hupenda kupanda; ukimwekea mkono ulio chini ya kijiti chake hana sababu ya kuuhamia. Sasa ngoja. Atayumba mbele na nyuma kama jani linalopigwa na upepo. Huko si kuogopa, ndio mwendo wake. Atanyoosha mguu, atagusa, atarudisha. Acha arudishe. Binti alikuwa na tabia ya kusema "njoo, njoo" na kusogeza kiganja mbele kila mguu uliporudi. Nilimkataza, maana tawi halimfuati mtu.

Miguu miwili ya mbele ikishashika, bado usiinue. Miguu ya nyuma ikishashika, bado. Mkia ndio nanga yake, na huachia mwisho. Wengi hukosea hapa: wanaona miguu yote minne imo kiganjani, wanaondoka na mkono, mkia bado umezunguka kijiti, na mnyama anavutika kama kamba. Mara moja nilifanya hivyo, na Ukindu alikaa siku tatu hataki kuuona mkono wangu. Subiri mkia uachie wenyewe. Ukichelewa sana, toa mkono na kijiti chake pamoja.

Akishafika mkononi ataanza kupanda kuelekea bega, na akiachwa atafika kichwani, kwa sababu yeye hutafuta kilele. Usimvute arudi. Weka mkono wa pili mbele yake, juu kidogo, ahamie. Kisha wa kwanza tena mbele ya wa pili. Daraja baada ya daraja. Mara ya kwanza dakika mbili zinatosha, kisha mrejeshe. Kumrejesha ni vilevile: elekeza mkono kwenye kijiti kilicho juu kidogo ya vidole, na mwache ashuke kwa miguu yake. Wiki ya pili dakika tano. Mpaka leo sisi hatupiti robo saa, na ni siku tatu kwa wiki, si kila siku. Kuna wanaosema kinyonga ashikwe kila siku ndiyo azoee. Nilivyomwona Ukindu, siku za kupumzika ndizo zilizomzoesha. Alikuja kwa haraka zaidi baada ya siku mbili za kuachwa.

Rangi haimsingizii

Katika lugha yetu mtu asiye na msimamo tunamwita kinyonga. Tunamuonea. Mimi sijaona mnyama mkweli kama huyu. Alivyo ndani ndivyo alivyo nje, na anakwambia kabla hajakuuma.

Habadiliki ili afanane na kitu alichokalia, kama tunavyodhani. Hubadilika kwa joto, kwa hali yake, na kwa kusema na wenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba kinyonga wa Madagaska waliyemchunguza ana fuwele ndogo mno ndani ya ngozi: akitulia zinakaribiana, akihamaki zinaachana, na mwanga unaorudi kutoka kwake unageuka rangi. Niliposomewa habari hiyo nilimkumbuka yule wa shambani, jinsi alivyokuwa akipiga ukelele kwa ngozi yake na sisi tunasema, tizameni anavyobadilika!

Kwa Ukindu nimesoma hivi. Kijani cha jani au hudhurungi nyepesi, mwili wa mviringo, mwendo wa kawaida: endelea. Madoa meusi yakianza kutokeza ubavuni: simama, usisogeze mkono, na mpe kijiti. Akijipanua ubavu akawa bapa, au vile vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa vikinyanyuka kama masikio, ameshakuonya. Mdomo ukiwa wazi na sauti ya kufoka, umechelewa. Mrudishe nyumbani kwa kijiti na kwa siku mbili tatu mletee chakula tu. Usimlazimishe "azoee", kwa sababu kinyonga aliyelazimishwa hunyamaza, na ukimya wake watu huuita utulivu. Anaweza kuacha kula kwa wiki nzima bila ya kuonesha alama nyengine.

Jambo moja lisikuchanganye. Asubuhi na mapema huwa mweusi kwa baridi, anakusanya joto la jua. Hajakasirika. Ila wakati huo pia si wa kumshika. Mwache mpaka arudi kijani.

Kuna siku nyengine za kumwacha kabisa. Akijivua ngozi, utaona vipande vyeupe kama karatasi vinabanduka, ngozi ya chini ni laini na hataki kuguswa. Mzidishie maji ya kupuliza. Akishakula mlo mkubwa mwache asage tumbo. Usiku akilala hugeuka mweupe mweupe, mzuri mno, na watoto hutamani kumuamsha kwa tochi. Hapana. Na akifumba macho mchana, hapo hakuna mazoezi, hapo kuna ugonjwa, mtafutie daktari wa mifugo.

Wenzake binti wa skuli na wa chuoni walipopata habari walianza kuja kwa makundi. Tukaweka kanuni: kwa siku mkono mmoja tu, wa binti au wangu. Wengine wanakaa mkekani wanatizama. Atakayemgusa au kugusa tundu ananawa kwa sabuni kabla na baada, kwa kuwa wanyama wa ngozi hii huweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na watoto wa chini ya miaka mitano hawamgusi kabisa. Walinung'unika siku mbili. Siku ya tatu mmoja wao, mtoto wa miaka minane, ndiye aliyeniambia, "Babu, ubavu wake umetoka madoa," nami nilikuwa bado sijayaona. Nikamrejesha Ukindu kijitini pale pale.

Sasa ni miezi saba tangu aokotwe. Amekuwa wa shibiri moja na vidole viwili. Alasiri nikiufungua mlango na kuegesha mkono, anakuja kwa muda wa kama dakika tatu, mara nyengine moja. Jana hakuja. Alikaa kwenye kijiti cha juu, kijani safi, jicho moja kwangu, jengine kwa nzi aliyetua ukutani. Nikakaa naye robo saa, nikafunga mlango, nikampulizia maji. Shemegi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Leo kakataa?"

"Leo kakataa."

"Basi mwache," akasema, akaniletea ganda la ndizi.